Je, wajua bleza ya shule ilianzia kwenye boti za makasia?

Kama umesoma sekondari ya kuvaa bleza unajua mateso yake, jua la saa saba linawaka na wewe umefunga vifungo vyote, nembo kifuani kama mkurugenzi. Yangu ilikuwa ya kijani, mikono imepita vidole, maana mama alinunua ile ya "utakua tu". Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini inaitwa bleza, kumbe jina lina kwao na kwao ni mtoni, Uingereza, kwenye klabu ya wapiga makasia wa chuo.

Iko hivi. Cambridge ni chuo kikuu kimoja chenye koleji 31 ndani yake, kila koleji ina majengo yake, bwalo lake, wanafunzi wake, na karibu kila moja ina klabu yake ya makasia. Koleji mojawapo ni St John's, iliyoanzishwa 1511 kwa mali aliyoacha Lady Margaret Beaufort, mama yake mfalme Henry VII. Mwaka 1825 wanafunzi wa pale wakaunda klabu ya boti wakaipa jina la huyo bibi, Lady Margaret Boat Club, ila watu wa mtoni wanaiita Maggie tu, yamekwisha.

Sasa hawa Maggie walikuwa wanavaa koti la flaneli jekundu, yaani jekundu lile la kuumiza macho, ukiliona kwa mbali unadhani kuna kitu kinaungua. Kwa Kiingereza kuwaka ni blaze, basi koti likaitwa blazer. Mwaka 1889 kuna msomaji aliandika barua kwenye gazeti la Daily News la London akilalamika kwamba siku hizi kila koti la rangirangi mnaliita bleza, enzi zake Cambridge bleza ilikuwa koti jekundu la Lady Margaret na si kingine. Masikini, angetukuta sisi na zetu za kijani! Kuna wanaosema jina limetoka kwenye manowari ya HMS Blazer ambayo nahodha wake aliwavisha mabaharia makoti ya mistari, lakini mimi nabaki upande wa mtoni, barua ile inanitosha.

Ila utauliza rangi kali hivyo za nini? Nadhani ni ili utambue nani ni nani kwa mbali, ukiona wanavyoshindana utaelewa. Mto Cam ni mwembamba, boti ya watu wanane ina urefu wa kama mita 18 na makasia yametanuka huku na huku, huwezi kupanga boti kumi sambamba. Kwa hiyo tangu 1827 wanafukuzana. Boti zinapangwa foleni kando ya mto, kati ya moja na nyingine kuna nafasi ya boti moja na nusu hivi. Unapigwa mzinga zikibaki dakika nne, halafu mwingine ikibaki dakika moja, mshika usukani ameshika mnyororo uliofungwa ukingoni, kimya, kisha mzinga wa tatu unalia anauachia na wote wanaondoka kwa pamoja. Kazi yako ni kumgonga wa mbele kabla wa nyuma hajakugonga wewe. Na kumbuka wapiga makasia wanakaa wameangalia tezi, yaani nyuma ya boti, huyo wa kuwagonga wanamwona anavyokuja lakini wanayemfukuza hawamwoni, anayeona mbele ni mshika usukani peke yake. Kocha anapiga baiskeli ukingoni na filimbi mdomoni, kadiri boti inavyomkaribia wa mbele ndivyo filimbi zinavyozidi.

Ukigonga, nyote wawili mnajiweka pembeni wengine wapite, na kesho yake mnabadilishana nafasi. Siku nne hivyo. Ukigonga siku zote nne unapata kasia lililoandikwa majina ya timu nzima, ukigongwa zote nne zawadi yako ni kijiko, kweli kabisa, kijiko. Halafu pale ulipoishia ndipo koleji yako itaanzia mwakani, kwa hiyo dogo wa mwaka wa kwanza anarithi deni la kaka zake ambao hata hawajui sura. Mashindano makubwa yanaitwa ya Mei na yanafanyika Juni, usiniulize.

Uendeshaji wenyewe uko mikononi mwa wanafunzi. Wanachaguana makapteni, wa wanaume na wa wanawake (wasichana wa shahada ya kwanza waliingia St John's 1982), wanapanga nani akae boti ya kwanza nani ya pili, na kila Oktoba wanawasaka wageni ambao hawajawahi kushika kasia, wanawafundisha kuanzia sifuri saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi ile. Wa kuajiriwa ni fundi wa boti.

Kuna uzushi unaopendwa sana kwamba klabu inaitwa Lady Margaret kwa sababu ile ya jina la St John's ilifungiwa, eti walifunga upanga kwenye omo, yaani ncha ya mbele ya boti, wakaua mtu. Si kweli, jina ni hilohilo tangu mwanzo. Lakini kifo kilitokea kweli, 1888, kwenye boti za koleji nyingine kabisa, omo ya boti ya Clare ilimchoma mpiga kasia wa Trinity Hall. Ndiyo maana leo boti za mashindano zina kidude cha mpira pale mbele, ukikitazama haraka unadhani ni pambo.

Koti jekundu bado lipo, na pale hununuliwi na mama, mpaka uwe umelipigia makasia.