Kimya katikati ya mkoromo

"Mwacheni, amechoka, ndiyo maana anakoroma." Hata mimi nilisema hivyo mjomba wangu, dereva wa matatu, alipokuja kukaa nasi mtaa wa Umoja, Nairobi. Usiku mmoja stima zilipotea, televisheni za majirani zikanyamaza, nikamsikiliza vizuri. Alikoroma, akakoroma, kisha kimya. Nikawasha tochi ya simu: kifua kinapanda na kushuka, hewa haipiti. Nilihesabu mpaka ishirini na mbili ndipo akashtuka kama mtu aliyeibuka majini, akageuka, mkoromo ukaanza upya. Asubuhi alisema amelala fofofo.

Basi si kweli kwamba kukoroma ni usingizi mzuri. Tukilala, misuli ya koo hulegea, na kwa watu wengine ulimi na nyama laini za kaakaa huziba njia ya hewa. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka na ubongo huushtua mwili upumue. Hiyo ndiyo apnia ya usingizi. Ikitokea zaidi ya mara 30 kwa saa, huhesabiwa kuwa kali. Si kila anayekoroma anayo. Sikiliza kile kimya na mshtuko unaokifuata.

"Ningekuwa nayo ningejua." Hapana, mwenyewe hakumbuki kitu. Anachokiona ni kichwa kuuma asubuhi, mdomo mkavu, kuamka kukojoa mara kwa mara, hasira za karibu, presha isiyoshuka hata akimeza dawa. Na kusinzia mchana. Mjomba alikuwa akisinzia kwenye jam ya Jogoo Road, kondakta anamgusa bega, abiria wamejaa nyuma. Wenzake walimwita mvivu, na hilo linaniuma hadi leo.

Wengine husema anakabwa na jinamizi. Hayo ni mengine: aliyekabwa na jinamizi kwa kawaida huwa macho, anashindwa kujongea, na asubuhi anakusimulia yote.

"Ni ugonjwa wa wanaume wanene." Uzito huchangia kweli, na shingo yenye mzingo wa zaidi ya sentimita 43 kwa mwanamume ni ya kuangaliwa. Lakini mtu mwembamba mwenye taya dogo anaweza kuupata. Wanawake nao, hasa baada ya hedhi kukoma, hulalamikia uchovu na kukosa usingizi, wakaambiwa ni mawazo tu. Mtoto mwenye tonsili kubwa hulala mdomo wazi, hukojoa kitandani, darasani hatulii, kisha anachapwa kwa utundu. Tafadhali, mpelekeni kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Pombe kabla ya kulala haisaidii. Huzidi kulegeza koo.

Na matibabu yapo. Mwaka 1981, Colin Sullivan wa Sydney alieleza mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago ili koo lisizibe, na ingali inatumika. Wapo wanaosaidika kwa kupunguza uzito, kulala kiubavu au kuvaa kifaa cha mdomoni. Kwanza upimwe usiku ukiwa umelala, pumzi na oksijeni zikihesabiwa.

Mjomba alikataa kata kata kwenda, mpaka nilipomrekodi kwa simu. Alisikiliza akicheka, kisha pakafika pale pa kimya.

"Hapa simu ilizima, mwanangu?"

"Haikuzima, mjomba. Ni wewe."