Brani ya uchunguzi haibebi ramani, yenyewe ndiyo ramani

Katika nadharia ya nyuzi, brani ni kitu ambacho miisho ya nyuzi hushikamana nacho. Wengi hudhani brani ya uchunguzi ni punje iliyotupwa ndani ya anga lililokunjwa, yaani vipimo vya ziada vya nadharia hiyo, ili izunguke na kutupasha habari za umbo lake. Sivyo. Nyuzi zilizoshikana na brani ya D3, iliyotanda katika vipimo vitatu vya nafasi, huzaa nadharia ya uga juu yake, na mahali brani ilipo katika vipimo vilivyokunjwa ni thamani za uga wa skala, yaani uga unaobeba namba tupu isiyo na mwelekeo, wa nadharia hiyohiyo. Kusanya hali zote za nishati ya chini kabisa zinazoruhusiwa, nawe umelipata anga lenyewe.

Husemwa pia kwamba penye ncha kali, pale anga linapoacha kuwa laini, hesabu hukwama. Milinganyo ya Einstein hukwama kweli, lakini ya brani haikwami. Mwaka 1996 Michael Douglas na Gregory Moore walichunguza ncha za aina hiyo. Katika ile iliyo sahili kuliko zote, brani na taswira yake, yaani nakala yake inayoletwa na ulinganifu wa ncha, huzaa kundi la geji (la ulinganifu unaotawala kani za nadharia) U(1) × U(1), na brani ikifika nchani yaweza kugawanyika vipande viwili. Badilisha kigezo kimoja cha nadharia, ncha inafutika na tufe dogo laini linachukua nafasi yake.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba brani hurudia tu yale ambayo jiometri ilishayajua. Chukua orientifoldi ya O7, yaani uso wa vipimo saba ambapo anga huunganishwa na taswira yake na mwelekeo wa nyuzi hugeuzwa. Ina chaji ya -4 kwa kipimo cha D7, brani ya vipimo saba; uiwekee D7 nne ili chaji zifutane. Brani ya D3 iliyo karibu hubeba nadharia ya geji ya SU(2) yenye ladha nne, yaani aina nne za maada, na ulinganifu wa ladha hizo, SO(8), ndio ulinganifu wa geji wa zile D7. Sasa zisogeze D7 kando. Hesabu za hatua kwa hatua, zinazoanzia muungano dhaifu wa nyuzi, hudai O7 imebaki nzima. Suluhisho kamili la nadharia hiyo ya SU(2), walilolitoa Seiberg na Witten mwaka 1994, linakataa: O7 imepasuka ikawa brani mbili, na mwanya kati yao ni mdogo mno, hauonekani katika hatua yoyote ya hesabu zile. Ashoke Sen aliufikia mpasuko huo mwaka 1996 kupitia nadharia ya F, ambayo hueleza D7 na nguvu ya muungano wa nyuzi kwa lugha ya jiometri. Banks, Douglas na Seiberg wakaeleza mwaka huohuo kwamba ndivyo brani ya D3 inavyoliona anga.

Kuhusu madai kwamba brani hailisumbui anga: ikiwa moja, nyuzi zikiungana kwa udhaifu, sawa. Zikirundikana nyingi, hulipinda, na hapo ndipo Juan Maldacena alipoanzia mwaka 1997 pendekezo lake kwamba nadharia ya uga ya brani na anga lililopindwa ni sura mbili za kitu kimoja.