Kilichomo kwenye firigisi ya fulmari

Anayepika kuku anaijua firigisi: unaipasua, unamwaga vijiwe, unamenya ile ngozi ya njano, kisha unaosha. Mimi napasua za fulmari, ndege wa bahari za kaskazini anayefanana na shakwe, aliyeokotwa ufukweni akiwa amekufa. Mahali pa vijiwe nakuta punje za plastiki, vipande vya vifuniko, nyuzi za kamba za wavuvi, sponji. Navisuuza kwenye chekeche la matundu ya milimita 1, navichambua kwa kibano, nakausha, napima uzito. Harufu ya mafuta ya ndege huyu hubaki kwenye nguo hata ukifua mara tatu.

Tumemchagua fulmari kwa sababu ya maumbile yake. Anaokota chakula juu ya maji, mbali na nchi kavu. Shakwe akimeza kisichosagika hukitapika. Kwa fulmari, njia ya kutoka tumbo la kwanza kwenda firigisi ni nyembamba mno, hivyo plastiki hukaa humo mpaka isagike. Anachotapika ni mafuta, akimlenga adui, na chakula cha kinda wake, ambacho huenda na plastiki yake.

Miaka ya 1980 mtafiti Jan van Franeker wa Uholanzi alianza kuhesabu haya, na kazi yake ilizaa kipimo kinachotumika na nchi za Bahari ya Kaskazini: wasizidi asilimia 10 ya fulmari wenye plastiki ya zaidi ya gramu 0.1 tumboni. Kwa sasa wanaovuka kiwango hicho ni takriban nusu. Wa Aktiki, kule ncha ya kaskazini ya dunia, wana nafuu, lakini si wasafi.

Ndugu na jamaa wakinisikia nikieleza haya huuliza: kwa hiyo wanakufa kwa kushiba plastiki? Wapo wanaoumizwa hivyo. Kinachonikosesha usingizi mimi, hata hivyo, ni kinachotoka ndani ya plastiki yenyewe. Plastiki huchanganywa na dawa za kuilainisha, za kuzuia moto, za kuikinga na jua. Nyingi haziyeyuki kwenye maji. Kwenye mafuta zinayeyuka. Angalia kopo la plastiki lililolazwa na mchuzi wa binzari: rangi imeingia, haitoki. Mafuta na plastiki hupeana, na kupeana huko kuna kwenda na kurudi. Sasa fikiria kipande kinachosagwa wiki kwa wiki ndani ya tumbo lililojaa mafuta ya samaki.

Lakini tusiibebeshe plastiki kila dhambi. Kwenye kisiwa cha Prince Leopold, Nunavut, kwenye Aktiki ya Kanada, mayai ya ndege wa baharini yamekuwa yakipimwa tangu 1975. PCB, kemikali za vifaa vya umeme vya zamani, na DDT zilizokutwa humo hazikutegemea plastiki kufika. Hupaa kama mvuke kwenye nchi za joto, husafiri na upepo, hutua penye baridi, kama jasho la sufuria linavyoganda kwenye mfuniko. Kisha huingia kwa wadudu wa majini, kwa samaki, kwa ndege, zikizidi kila hatua. DDT hii hii tunayoijua kwa kuua mbu ilikutwa kwa pengwini wa Antaktika katikati ya miaka ya 1960. Baada ya kupigwa marufuku, PCB kwenye mayai ya Prince Leopold imeshuka sana. Zebaki, ambayo moshi wa makaa ya mawe huipeleka huko, ilipanda kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo tunatafuta kemikali zinazoelekeza kwenye plastiki. Zile za kuikinga na jua zimekutwa kwenye mayai ya kisiwa hicho hicho. Mojawapo ya jamii hiyo, UV-328, iliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Nilifurahi mno siku hiyo. Nilikuwa na trei ya ndege waliogandishwa mbele yangu, nikaendelea kupasua.

Fulmari huishi zaidi ya miaka 40 na hutaga yai moja tu kwa mwaka. Mayai ya zamani yako Ottawa kwenye majokofu, yamegandishwa tangu kazi ilipoanza. Kila tunapotambua kemikali mpya, tunaweza kuliuliza yai la 1975 kama nalo lilikuwa nayo.