Jamani, Hambantota Haikunyang'anywa

Kazi yangu ni kuwashauri wanaotaka kununua hatifungani za serikali, yaani hati za kuikopesha serikali kwa riba, na haupiti mwezi bila mteja kuniambia: "Mzee, hukuona Mchina alivyoinyang'anya Sri Lanka bandari ya Hambantota kwa deni?" Hapo hapo na Mombasa hutajwa, maana tangu Kenya ichukue mikopo ya China ya reli ya SGR watu wamekariri kwamba nayo itafuata njia ya Hambantota.

Haya, tukumbushane. Hambantota, kusini mwa kisiwa, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China, ikafunguliwa 2010. Meli hazikuja za kutosha. Mwaka 2017 serikali ikaikodisha kwa China Merchants Port kwa miaka 99, kwa dola bilioni 1.12. Mkopo wa ujenzi haukufutwa. Serikali ilibaki kuulipa. Fedha za ukodishaji ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni, kwa kuwa madeni mengine yalikuwa yanakaribia kuiva, yaani kufikia tarehe ya kulipwa. Ni nani aliyefilisiwa kwa deni akapewa bilioni mkononi, na deni likabaki pale pale? Ukisema miaka 99 ni mingi, sibishi. Ila usiniambie ni dhamana iliyokamatwa.

Madeni mengine yapi? Kuanzia 2007 serikali ya Sri Lanka iliuza hatifungani za dola kwa wawekezaji wa nje, zenye riba kubwa na za kulipwa kwa mkupuo. Kufikia 2021 zilikuwa zaidi ya theluthi ya deni la nje la serikali. China yote kwa jumla ilidai karibu moja ya tano. Mwishoni mwa 2019 serikali ya Rais Gotabaya Rajapaksa ikashusha VAT kutoka asilimia 15 hadi 8. Watalii, waliokwisha kutishwa na mabomu ya Pasaka ya mwaka huo, wakakatika kabisa kwa korona. Mwaka 2021 mbolea ya viwandani ikapigwa marufuku kwa ghafla, mavuno ya mpunga yakaporomoka. Aprili 2022 nchi ikasitisha kulipa madeni ya nje. Julai rais akakimbia. Ndiyo maana nawachosha wateja kwa swali moja: deni ni la sarafu gani, na linaiva lini? Jina la mdai litafuata.

Mengine mnayoyakosea kuhusu Sri Lanka hayahitaji maneno mengi. Sri Lanka si jimbo la India: ilitawaliwa na Waingereza kama koloni lake peke yake, Ceylon, ikapata uhuru Februari 4, 1948. Waziri mkuu wa kwanza mwanamke duniani si Indira Gandhi, ni Sirimavo Bandaranaike, 1960. Na chai mnayoisifia ilikuja baadaye. Kisiwa kile kilikuwa cha kahawa hadi ugonjwa wa kutu ya majani ulipoingia mwaka 1869 na kuyamaliza mashamba, kutu ile ile wanayopambana nayo wakulima wa Kilimanjaro hadi leo.