SGR si treni ya kasi, na nauli haitailipa: dhana potofu kuhusu reli ya mabilioni

Madaraka Express, treni ya SGR (reli ya upana sanifu) ya Kenya, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na SGR ya Tanzania ikafika Dodoma mwaka 2024. Ubishi wa pande zote mbili za mpaka ni uleule: pesa zote hizo zilistahili? Anayeitetea reli hutaja saa za safari. Anayeiponda hutaja deni. Wote wawili huwa wamesahau mzigo, na reli ya aina hii huishi au hufa kwa tani.

Dhana: "Ni treni ya kasi kama za Wajapani, maana reli yake ni pana"

Kwa kipimo cha Shirikisho la Kimataifa la Reli (UIC), reli ya kasi ni njia mpya iliyojengwa kwa kilomita 250 kwa saa au zaidi, au ya zamani iliyoboreshwa ikafika 200. SGR ya Tanzania imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa kwa abiria na 120 kwa mizigo. Ya Kenya ni 120 kwa abiria na 80 kwa mizigo. Mchongoko, treni ya umeme ya abiria ya Tanzania, pamoja na pua yake yote ile, ni treni ya 160. Afrika inayo treni ya kasi kweli, ila iko Morocco: Al Boraq, iliyoanza mwaka 2018, hukimbia 320 kati ya Tangier na Kenitra.

Upana nao hauleti kasi. SGR ina geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,435 na reli ya kati ya zamani ina 1,000, lakini mwaka 1999 treni ya umeme ya Queensland, Australia, ilipita kilomita 210 kwa saa kwenye geji ya 1,067. Kinachoamua ni kona. Hesabu yake ni rahisi: chukua kasi, izidishe yenyewe kwa yenyewe, zidisha kwa 11.8, kisha gawa kwa milimita za mwinuko wa reli ya nje pamoja na ule upungufu wa mwinuko ambao abiria anauvumilia bila chai kumwagika. Ukitumia jumla ya milimita 250, kona ya treni ya 120 inataka nusu kipenyo cha mita 680 hivi. Ya 160 inataka mita 1,210. Ya 300 inataka mita 4,250.

Kona ya mita 4,250 haikizunguki kilima, inakipasua. Hapo ndipo fedha zinapoteketea. Waingereza walisanifu reli yao ya HS2 kwa kasi inayofika 360, njia ikalazimika kunyooka, na kwenye vilima vya Chiltern pekee wakachimba handaki la kilomita 16. Gharama zilipanda hadi Oktoba 2023 serikali ikafuta kipande cha Birmingham kwenda Manchester.

Sasa pima faida. Dar hadi Morogoro ni kilomita 205. Bila kusimama popote, kwa 160 ni dakika 77, kwa 300 ni dakika 41. Dakika 36 hizo foleni ya kutoka Mbagala hadi stesheni inazimeza kabla hujakata tiketi. Na upinzani wa hewa huwa mara nne kasi inapokuwa mara mbili, kwa hiyo bili ya umeme haipandi kidogo kidogo. Kuchagua 160 haikuwa uoga.

Dhana: "Treni zinajaa, kwa hiyo reli inajilipa"

Huu ndio upotofu mkubwa kuliko yote, na unahitaji kalamu na karatasi.

Treni moja ya mchongoko ina viti 589. Nauli ya daraja la kawaida Dar–Dodoma ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Treni ikijaa kutoka mwanzo hadi mwisho inaingiza shilingi milioni 18.3. Weka safari nane kwa siku, nne kwenda na nne kurudi, zote zimejaa, siku 365, pasipo hata moja kuahirishwa. Unapata kama shilingi bilioni 53 kwa mwaka, yaani dola milioni 20 hivi.

Upande wa pili wa karatasi: kipande cha Dar–Morogoro kilisainiwa kwa takriban dola bilioni 1.2, na Morogoro–Makutupora kwa bilioni 1.92. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba zote ni mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 4. Marejesho ni kama dola milioni 230 kila mwaka. Abiria waliojaa pomoni wamelipa sehemu ndogo kuliko moja ya kumi, na bado hujalipa umeme, mishahara wala vipuri. Ongeza treni, ongeza daraja la juu, pandisha nauli: pengo linabaki pengo.

Hili si la Tanzania peke yake. Duniani, njia za kasi zinazotajwa mara kwa mara kuwa zilirudisha gharama zake za ujenzi ni Tokyo–Osaka, iliyofunguliwa 1964, na Paris–Lyon ya 1981. Zote mbili zinaunganisha miji mikubwa yenye watu wa kipato cha juu wanaosafiri kila wiki.

Hesabu hubadilika ukiingiza mzigo. Shirika la Reli Tanzania (TRC) linasema njia yake ina uwezo wa kubeba tani milioni 17 kwa mwaka. Gawa zile dola milioni 230 kwa tani milioni 17: kila tani inabeba deni la dola 13.5. Gawa kwa tani milioni 3: dola 77 hivi. Gawa kwa tani milioni 1: dola 230, na hapo hakuna mfanyabiashara atakayeliacha lori. Reli ileile, deni lilelile. Anayetaka kujua kama mradi unalipa asiulize idadi ya abiria wa Pasaka. Aulize tani za mwaka, na aulize pia mabehewa yanarudi na nini, kwa sababu bandari zetu hupokea mzigo mwingi kuliko zinavyosafirisha. Treni inayopanda bara imejaa na kushuka tupu imelipwa nusu ya safari tu.

Dhana: "Gawa gharama kwa kilomita, utaona nani kapigwa"

Gawa, lakini jua unagawa kwa nini. Mkataba wa Dar–Morogoro hutajwa kuwa wa kilomita 300, ilhali njia kuu ni 205. Zinazobaki ni njia za kupishania, za stesheni na za karakana. Ukigawa dola bilioni 1.2 kwa 300 unapata milioni 4 kwa kilomita. Ukigawa kwa 205 unapata 5.9. Morogoro–Makutupora vilevile: 422 kwa jumla, 336 kwa njia kuu.

Mombasa–Nairobi hutajwa kuwa dola bilioni 3.6 kwa kilomita 472, kama milioni 7.6 kila moja. Ila ndani ya bei hiyo kuna vichwa na mabehewa. Tanzania ilivinunua kwa mikataba mingine, vichwa vya umeme na michongoko vikitoka Hyundai Rotem ya Korea Kusini. Kwa upande mwingine, Tanzania imeweka nyaya za umeme, Kenya haikuweka. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha uliza mambo manne: kilomita za njia kuu ni ngapi, treni zimo au hazimo, umeme umo au haumo, na madaraja na mahandaki ni asilimia ngapi ya njia. Baada ya hapo, kama bado bei inashangaza, una haki ya kushangaa.

Dhana: "Reli ya umeme ni kamari, Tanesco ikizima tumekwama"

Kuna chembe ya kweli. Treni hula umeme wa kilovoti 25 kutoka waya wa juu, na gridi ikianguka treni husimama. Lakini tatizo la uzalishaji hukuzwa kupita kiasi. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Kichwa cha treni huvuta megawati chache tu.

Hitilafu za kila siku ni ndogo zaidi na za karibu zaidi. Nyani au ndege mkubwa akigusa waya na mkono wa nguzo kwa wakati mmoja, umeme unapita kwake kwenda ardhini, swichi ya usalama inakata, na kipande chote kinalala hadi fundi ahakikishe kikombe cha kuhami hakijapasuka. Mwizi wa shaba hufanya madhara yaleyale kwa muda mrefu zaidi. Dawa yake ni ya kawaida: vifuniko kwenye sehemu wanyama wanapopenda kupanda, uzio unaokaguliwa, na vipuri vilivyo tayari stoo badala ya kusubiri meli. Bajeti ya namna hiyo haina mtu wa kuikatia utepe, ndiyo maana hupunguzwa mapema.

Dhana: "Ingetosha kukarabati reli ya zamani"

Hii si dhana ya kipuuzi. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 300 kukarabati reli ya kati ya zamani kutoka Dar hadi Isaka, karibu kilomita 970. Hiyo ni kama dola 300,000 kwa kilomita. Kwa mzigo mdogo, ukarabati unaishinda SGR bila jasho.

Unapokwama ni pale mzigo unapokua na jiografia inapokataa. Kati ya Kilosa na Gulwe reli ya zamani imelala kando ya mto, na mafuriko yameibomoa tena na tena. Unaweza kurudisha kokoto kila masika, lakini njia iliyokatika wiki mbili humpoteza mteja wa kontena kwa miezi. SGR ilipita Kilosa kwa mahandaki na matuta ya juu, na bei yake ikaonekana. Hapo ulilipia uhakika. Kama uhakika huo una thamani inategemea, kwa mara nyingine, ni tani ngapi zinaupitia.

Dhana: "SGR ikikamilika, malori barabarani yatakwisha"

Mombasa ilishajaribu kwa amri. Mwaka 2019 mizigo ya bara ililazimishwa kupanda treni hadi bandari kavu ya Embakasi. Kwenye karatasi treni ilikuwa rahisi. Mwenye kontena alikuta anaongeza gharama ya kupakia na kupakua mara ya pili, lori la kutoka Embakasi hadi ghala lake, tozo za siku za kuchelewa, na safari ya kurudisha kontena tupu. Lori hulitoa kontena bandarini hadi mlangoni kwa bei moja. Mwaka 2022 serikali mpya ikaiondoa amri ile. Reli nayo ilikuwa imeishia karibu na Suswa, ambako mzigo wa Uganda ulipaswa kuhamishiwa geji ya zamani au lori.

Tanzania ina mtego wake. Malori mengi yanayopanga foleni Tunduma, mpakani na Zambia, hubeba mizigo ya Zambia na shaba ya Congo ya kusini. SGR haiendi huko: inaelekea Tabora, Mwanza, Kigoma na Burundi. Njia ya Tunduma ni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860, geji 1,067, isiyoingiliana na SGR wala na reli ya kati ya zamani. Kidatu mzigo hubadilishwa behewa. Anayesubiri SGR impunguzie malori barabara ya Mbeya atasubiri sana. Atakayeona tofauti ni wa Isaka, Mwanza na Kigoma, na ataiona siku treni itakapofika ikiwa na winchi ya kupakua, yadi yenye nafasi na ofisi ya forodha inayofanya kazi usiku.