Wiki si siku moja mara saba

Ijumaa jioni, nikiwa nimeshafunga kompyuta, ikaingia sauti ya WhatsApp kutoka kwa mteja ninayemtengenezea programu ya kalenda ya miadi, yenye mwonekano wa siku na wa wiki. "Fundi, hiyo ya siku imetulia kabisa. Sasa ya wiki si unaichukua hiyohiyo unaipiga mara saba? Jumatatu tunaizindua." Ni mara ya nne mwaka huu naambiwa hivyo, na wawili kati ya hao wanne wanaandika programu kwa mshahara. Kwa hiyo naandika mara moja. Wa tano nitamtumia linki.

Tuanze na upana, maana huo haubishaniwi. Simu nyingi za wateja wangu zina upana wa pikseli (vinukta vya skrini) 360. Toa 48 za ukanda wa kushoto unaoandikwa saa, zinabaki 312. Gawa kwa 7, kila siku inapata 44 na chenji. Kwenye mwonekano wa siku, kisanduku kinabeba "Mama Neema, kung'oa jino, chumba 2" bila jasho. Kwenye pikseli 44 unapata "Mama" na nukta tatu, na Jumanne nzima inasomeka Mama… Mama… Mzee… Mama… Hapo ndipo mtu anapokimbilia kupunguza herufi. Endelea kupunguza, sisimizi watakushukuru.

Upana wenyewe ni sababu ndogo, ingawa. Hata nikipewa skrini ya ukubwa wa bango la barabarani bado sizidishi mara saba. Niliwahi kukaa asubuhi nzima nyuma ya kaunta ya kliniki moja ya meno, namwangalia dada wa mapokezi na kaunta buku lake. Kila ukurasa ni siku, mistari kaipiga kwa rula na kalamu nyekundu. Mgonjwa akifika anaweka kidole kwenye jina, anasoma, anamwambia asubiri. Mtu akipiga simu kutaka nafasi wiki ijayo, hasomi jina hata moja. Anafunua kurasa mbio kwa kidole gumba, macho yakitafuta weupe. "Jumatano baada ya saa nane, inakufaa?" Sekunde nne, labda tano.

Kazi ni mbili tofauti. Kwenye siku anatafuta kilichoandikwa. Kwenye wiki anatafuta pasipoandikwa kitu. Kwa hiyo kwenye wiki ya simu mimi natoa majina yote. Vinabaki vipande vya rangi kwa kila chumba, na jina linakuja ukigusa. Kila mteja huniambia "mbona tupu?", nami namjibu ndiyo, utupu ndio bidhaa.

Mambo mengine nayapitia haraka. Mstari wa "sasa hivi" uwepo kote kuwili, lakini kwenye wiki ukatishe safu ya leo tu. Ukurasa ufunguke pale kazi inapoanza, si saa sita usiku. Rangi zisizidi tano au sita. Kwenye simu, wiki isisogee kulia na kushoto kwa siku mojamoja, kwa sababu mtu akiona Alhamisi hadi Jumatano hajui tena wiki ni ipi. Na sikukuu za siku nzima: kiwango cha iCalendar, RFC 5545, ambacho programu za kalenda hukitumia kubadilishana matukio, kinasema tarehe ya mwisho haihesabiwi ndani, yaani Julai 7 inaandikwa inaanza 7 inaisha 8. Usiposoma hapo, Sabasaba yako itadumu siku mbili. Yangu iliwahi kudumu siku mbili.

Sasa urefu. Tuseme saa moja ni pikseli 48. Miadi ya dakika 15 inapata 12, na mstari mmoja wa maandishi unaosomeka unataka kama 16. Basi fundi anaweka kanuni: kisanduku kisipungue 20. Vizuri. Lakini mgonjwa wa saa 3:00 anayeishia 3:15 sasa anachorwa hadi 3:25, na wa 3:15 yuko hapohapo chini. Kwa saa hawagongani, kwa macho wanakanyagana. Ukikokotoa migongano kwa muda halisi, programu inasema hakuna tatizo, na mpokezi anaona nusu ya jina. Lazima ukokotoe kwa urefu uliochorwa. Kwenye siku nina njia rahisi zaidi: napandisha saa moja hadi pikseli 96, ukurasa unakuwa 2,304, watu wanateremsha, hakuna anayelalamika. Kwenye wiki nikifanya hivyo nimeharibu, maana anayetafuta weupe anataka kuona asubuhi hadi jioni kwa jicho moja. Akianza kuteremsha ameshasahau Jumanne ilikuwaje.

Migongano ya kweli nayo ina kosa lake la kawaida. Chukua A, saa 3:00 hadi 5:00. B, 3:30 hadi 4:30. C, 4:45 hadi 5:30. Fundi mpya anaona vitu vitatu kwenye kundi moja, anakata safu vipande vitatu. Hapana. B na C hawajawahi kukutana, C anakaa chini ya B, vipande viwili vinatosha. Panga kwa muda wa kuanza, kila mmoja mpe kipande cha kwanza kilicho wazi, fungua kipya pale tu vyote vikiwa vimejaa. Swali la kisanduku kitanuke kulia pakiwa wazi au kibaki na upana wa wenzake, sina jibu. Nimeshabadilisha mawazo mara tatu. Kikitanuka kinaonekana muhimu kuliko wenzake, na mkurugenzi mmoja alishaniuliza mbona kikao chake ni chembamba kuliko cha dereva. Kwenye wiki ya simu mjadala haupo, maana nusu ya 44 ni 22. Hapo naandika "+2", yaani wapo wengine wawili, na kuendelea na maisha.

Haya, tufike kwenye kinachoniudhi kweli. Siku inaanzia wapi?

Anayesema "mara saba" huwa hajajiuliza. Kwake siku inaanza saa sita usiku kwa sababu kompyuta imesema. Nikafanya hivyo kwa hospitali moja yenye zamu za usiku, saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Kwenye mwonekano wa siku mambo yalivumilika: zamu ikivuka usiku wa manane, juu ya ukurasa wa kesho naweka mshale na "inaendelea kutoka jana". Kwenye wiki, zamu moja ikawa vipande viwili kwenye safu mbili, kimoja chini kabisa ya Jumanne, kingine juu kabisa ya Jumatano, mbali kama ndugu waliogombania shamba. Mbaya zaidi ni ya Jumapili. Wiki inaishia pale, kwa hiyo kipande chake cha pili kikahamia wiki ijayo. Matroni akahesabu visanduku, akapata zamu 13 kwa nesi mwenye zamu 7, na wa Jumapili akaonekana anatoroka saa sita usiku. Akanipigia. Sitaandika alichosema.

Nikahamisha mwanzo. Kwenye wiki ya hospitali ile, safu inaanza saa 2 asubuhi na kuishia saa 2 asubuhi ya kesho yake, zamu inabadilika pale ukurasa unapobadilika. Zamu ikawa kipande kimoja, matroni akatulia. Ila sasa ndani ya safu iliyoandikwa "Jumapili" kuna saa saba usiku ambayo kwa serikali na kwa kompyuta ni Jumatatu.

Waulize watu saa ile inaitwaje. Wengi mjini watakwambia "Jumapili usiku, saa saba", kwa sababu hawajalala, siku yao haijaisha. Mtangazaji makini atasema "usiku wa kuamkia Jumatatu". Na ukikaa na wazee wa Zanzibar au Lamu, usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa baada ya magharibi ya Alhamisi, na saa yetu hii ni usiku wa Jumatatu, kwisha. Saa ileile, majina matatu. Nilichofanya ni kuchora mstari mwembamba pale saa sita usiku na kuandika tarehe mpya kwa herufi ndogo. Sijui kama kuna anayeusoma. Ninachojua ni kwamba simu za malalamiko zimepungua, na hiyo si sawa na kueleweka.

Hapo hatujagusa saa zenyewe, ambazo zina imani yake potofu: "kwa Kiswahili unatoa sita tu". Niliamini hivyo. Nikatoa sita, nikatafsiri nusu ya kwanza ya siku kuwa "asubuhi", na programu ikaanza kuwaambia watu "saa 7 asubuhi" ikimaanisha saa saba usiku. Kuna alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na mipaka yake haikai kwenye saa sita na saa kumi na mbili kama kompyuta inavyopenda. Saa kumi kabla ya jua kuchomoza, mimi nasema alfajiri, jirani yangu anasema usiku, wote tuko sawa.

Baya zaidi ni namba tupu. Niliwahi kuandaa ujumbe mfupi kwa wagonjwa: "Miadi yako ni Alhamisi saa 9:00." Mimi nilimaanisha saa ya kompyuta. Mzee mmoja alikuja saa tisa alasiri, msafi, kanyoa ndevu, akakuta nafasi yake ilipita tangu asubuhi saa tatu. Alisoma kilichoandikwa. Kosa lilikuwa langu asilimia mia. Tangu siku hiyo namba haikai peke yake: "saa 3 asubuhi", na kwenye mwonekano wa siku naongeza 09:00 pembeni kwa rangi hafifu, kwa sababu juu ya simu hiyohiyo saa inasoma 09:00 na mtu atalinganisha. Kwenye wiki ukanda wa kushoto una pikseli 48, siwezi kuweka zote mbili. Naweka "3 asb". Kuna siku naona nimepatia, kuna siku naona nimewachanganya watu mara mbili.

Na safu ya kwanza iwe siku gani? Kwa majina yetu, Jumamosi ni mosi. Data za CLDR, hazina ya taarifa za lugha na desturi za kila nchi ambayo simu nyingi huifuata, zinaiweka Kenya kwenye Jumapili na Tanzania kwenye Jumatatu. Kwenye siku hili halipo kabisa. Siku haina jirani. Kwenye wiki, mtu wa Nairobi na wa Dar wakisema "wiki hii" siku ya Jumapili, wanafungua kurasa mbili tofauti za programu ileile. Ongeza mteja wa Muscat, ambaye mapumziko yake ni Ijumaa na Jumamosi, uone mahali pa kuweka ile rangi ya kijivu ya wikendi.

Kwetu hatusogezi saa mbele na nyuma kwa misimu, kwa hiyo wengi hawajawahi kukutana na kituko cha Ulaya. Machi 29, 2026, Berlin ina saa 23: saa nane usiku inarukwa, wanaingia saa tisa. Kwenye siku unaondoa mstari huo, basi. Kwenye wiki mstari mmoja unatumiwa na safu saba, na sita kati yake zina saa nane usiku ya kweli. Huwezi kuuondoa, unaupaka kivuli kwenye safu moja. Oktoba 25 inarudi kinyume, saa ileile inapita mara mbili kwenye mstari mmoja, na miadi ya saa nane ya kwanza inalaliana na ya saa nane ya pili. Nimeacha zilaliane. Atakayepanga kikao muda huo tutaongea.

Yule mteja wa Ijumaa nimemjibu kwamba si Jumatatu. Nimemwomba wiki tatu, na moja kati ya hizo ni ya jambo ambalo nililiona siku ile pale kaunta nikalichukulia la mapambo: dada wa mapokezi ana kalamu na penseli. Aliyethibitisha anaandikwa kwa kalamu. Aliyesema "nitakujulisha" anaandikwa kwa penseli, na akipatikana wa uhakika anafutwa bila kelele. Kwenye siku nimeiiga kwa mpaka wa nukta nukta, inaeleweka. Kwenye wiki, kwa pikseli 44, nukta nukta zinaonekana kama skrini mbovu. Nikipaka rangi hafifu, anadhani ni weupe na kumpa mtu mwingine. Nikipaka rangi kamili, anaacha kuwafuta. Kishikwambi tumempa, anakitumia, na wa penseli bado wako kwenye kaunta buku.