Maji ya bwawa yafike wapi kwenye skima?

Wenye mabwawa ya kuogelea huku Diani huniuliza mambo mengi kuhusu klorini, lakini swali linalorudi kila mara ni jingine: "Fundi, maji yafike wapi?" Jibu la haraka ni katikati ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani ambalo pampu huvutia maji ya juu pamoja na uchafu wake. Hapo ni pa kuanzia. Kimo hasa kinacholifaa bwawa lako utakijua kwa kuiangalia skima yenyewe huku pampu ikivuta.

Nyuma ya mdomo wa skima kuna kilango cha plastiki kinachoelea, bawaba zake zikiwa chini. Pampu ikiwashwa, maji ya ndani ya skima hushuka kidogo kuliko ya bwawani. Kilango huinamia ndani, na maji yanayopita juu yake ni yale ya juu kabisa, tabaka jembamba tu. Uchafu mwingi huanzia katika tabaka hilo kabla haujazama: mafuta ya kujipaka, vumbi, wadudu, majani ya mvinje. Tabaka likiwa jembamba, maji hukimbia, na mwendo huo ndio unaovuta jani lililo upande wa pili wa bwawa. Kwa hiyo kimo cha maji kazi yake ni kukiacha kilango kicheze, kiiname na kuinuka chenyewe.

Maji yakizidi, mdomo hujaa mpaka juu. Kilango hakina tena kazi ya maana, maji huingia kwa unene na polepole, na jani hupita mbele ya skima mara kadhaa bila kuvutwa. Mwenye bwawa huona pampu imechoka. Nimekuta watu wameshauriwa wanunue pampu kubwa zaidi, ilhali dawa ilikuwa kutoa sentimita 4 za maji. Ushauri wa namna hiyo unaniudhi, maana unamtoa mtu fedha nyingi na tatizo linabaki palepale.

Maji yakipungua, hasara ni kubwa zaidi. Skima huanza kuvuta hewa. Utaona maji yanafanya kizingia juu ya kikapu na kusikia mlio wa kugugumia. Kisha vipovu hutokea chini ya kifuniko cha pampu, na vingine hutoka kwenye matundu ya kurudishia maji. Sindano ya kipimo cha presha kwenye chujio nayo hutikisika. Sili ya pampu, yaani kizuizi cha maji kwenye mhimili wake, hupozwa na maji yanayopita ndani. Pampu ikizunguka kavu, sili hiyo hupata moto, huharibika na kuanza kuvuja. Aghalabu hutokea usiku, saa ya umeme ikiwa imeiwasha yenyewe na hakuna mtu wa kuisikia.

Sasa tupige hesabu. Mdomo wa skima nyingi za kawaida una kimo cha sentimita 15 hivi. Theluthi ya chini ni hatari na theluthi ya juu haisaidii, kwa hiyo unabaki na sentimita 5 za kuchezea. Bwawa la mita 8 kwa 4 lina uso wa mita za mraba 32, na kila sentimita moja ya maji ni lita 320. Siku ya jua na upepo, mvuke peke yake unaweza kuchukua milimita 5, yaani lita 160. Kuosha chujio la mchanga kwa dakika 3, pampu ikisukuma mita za ujazo 10 kwa saa, kunamwaga lita 500, na hiyo ni sentimita moja na nusu kwa mkupuo. Jumlisha na ya watoto wanaorusha maji, utaona kwa nini bwawa lililokuwa sawa Jumapili linalia hewa Ijumaa.

Kwa hiyo mimi sijazi mpaka katikati na kuondoka. Najaza kidogo juu ya katikati ili bwawa lishuke likipita katikati, lisije likaanzia hapo. Msimu wa masika nafanya kinyume: naliacha chini kidogo ya katikati, maana mvua moja ya usiku inaweza kulipandisha kuliko unavyodhani. Pima asubuhi, watu wakiwa nje na maji yametulia. Watu wazima 10 wakiingia katika bwawa la ukubwa ule, maji hupanda karibu sentimita 2, na ukijaza wakiwa ndani utajidanganya.

Ukishapima, washa pampu, tupa majani machache mita moja kutoka kwenye mdomo, utazame. Kilango kiwe kimeinama nusu, kinachezacheza, na majani yaingie bila kusitasita. Yakizungukazunguka nje, punguza maji. Ukisikia mlio ndani, ongeza. Ukipata kimo kinachokupendeza, weka alama kwenye kigae kilicho pembeni ya skima, kwa rangi isiyofutika, na alama nyingine pale skima inapoanza kuvuta hewa. Alama hizo mbili zitamsaidia mtunza bustani kuliko maelezo yangu yote.

Wakati mwingine maji yako sawa kabisa na bado pampu inavuta hewa. Usikimbilie mpira wa kujazia. Fungua kwanza kifuniko cha skima. Kikapu kinaweza kuwa kimejaa majani ya mvinje, ambayo hulaliana na kuziba kama mkeka, au kilango kimekwama kikiwa wima, maji ya nje hayapiti na ya ndani yanaisha. Bwawa lenye skima mbili lina taabu yake: ni nadra kuzikuta zimejengwa kimo kimoja kabisa. Iliyo juu ndiyo huanza kuvuta hewa. Ibane kidogo kwa vali yake, uiache ya chini ibebe kazi zaidi.

Pwani hii ina jambo ambalo vitabu vya mabwawa vya nchi nyingine havina sababu ya kulitaja: upepo wetu hugeuka. Wakati wa kusi, uchafu husukumwa upande wa kaskazini wa bwawa. Ukija upepo wa kaskazini, yaani kaskazi, unasukumwa kusini. Skima iliyojengwa upande mmoja hupata msaada wa upepo nusu mwaka na kupingwa nusu nyingine. Msimu unapobadilika, geuza matundu ya kurudishia maji ili mkondo wake uzungushe uso wa bwawa kuelekea skima. Na alasiri za upepo mkali, mawimbi madogo huinua na kushusha maji mdomoni, kwa hiyo sentimita moja ya ziada hailetei bwawa madhara.

Kuhusu kujaza: usiuache mwisho wa mpira umezama bwawani. Maji ya bomba yakikatika, mpira unaweza kuvuta maji ya bwawa kuyarudisha kwenye mabomba ya nyumba, yale mnayopikia. Uning'inize juu ya maji. Vali ya boya inayojaza yenyewe ni nzuri kwa hoteli, lakini huficha uvujaji; bila mita ya maji kwenye mstari wake, mimi siiamini.

Ukihisi bwawa linapungua kupita kiasi, jaza ndoo maji ya bwawa, isimamishe kwenye ngazi ya bwawa, uweke alama ndani ya ndoo na nje yake. Usijaze wala usiogelee kwa saa 24. Mvuke huchukua ndoo na bwawa karibu sawasawa. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja. Rudia pampu ikiwa imezimwa: uvujaji ukipungua, anza kushuku mabomba.

Liko pia jambo ninalowakataza wateja kabisa. Maji yakiwa machache, wengine hufunga vali ya skima na kuiacha pampu ivute yote kwenye tundu la chini. Pampu hunyamaza, ni kweli. Lakini sasa nguvu yote ya mvuto iko mahali pamoja, chini ya maji, na inaweza kushika nywele au mwili wa mtoto asiweze kujinasua. Marekani ilipitisha sheria ya vifuniko salama vya matundu hayo mwaka 2007, baada ya watoto kufa kwa njia hiyo. Kama huna maji ya kujaza leo, zima pampu, uwatoe watu bwawani mpaka boza lifike.